Tukisubiri Istilahi, Nani Atamjibu Mama?

Katika idara zetu za Kiswahili, hasa sisi tulio nje ya Tanzania, kuna kauli inayopita kutoka semina moja hadi nyingine bila kuulizwa imetoka wapi. Kauli yenyewe ni hii: Kiswahili bado hakijawa tayari kwa sayansi ya juu, istilahi zikikamilika, tutaanza. Huisema mwanafunzi anapotetea mada ya tasnifu yake, na huisema mhadhiri anapomshauri mwanafunzi arudi kwenye riwaya. Husemwa kwa upole na kwa nia njema, na ndiyo maana haipingwi. Mimi naipinga. Nasema kauli hiyo ni kisingizio kilichovikwa joho la kitaaluma. Tena kisingizio hicho kina gharama, na wanaoilipa si sisi tunaokaa semina. Wanaoilipa ni watoto wenye selimundu na mama zao.

Sitaki kubishana hewani. Nimechagua mada moja ambayo kila mtu anakubali kuwa ni ngumu: jinsi jeni zinavyofanya kazi, au zinavyonyamazishwa, ndani ya seli shina zinazozaa damu. Nitaieleza hapa hapa kwa Kiswahili, kisha msomaji aamue mwenyewe kama lugha imeshindwa au ni sisi tulioshindwa kuitumia.

Nianze na swali, maana sayansi yote hii haina thamani kwa mzazi kama haijibu swali lake. Mwaka jana wakati wa likizo nilikuwa kwenye kliniki moja ya mpakani, upande wetu wa Uganda, ambako wagonjwa wengi huvuka kutoka Kongo. Muuguzi aliniomba nimsaidie kutafsiri. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miezi tisa, vidole vya mikono na miguu vimevimba, analia akiguswa. Majibu ya maabara yalikuwa yametoka: selimundu. Muuguzi alitamka neno moja la Kiingereza lenye maana ya ugonjwa wa kurithi, akageukia faili la mgonjwa anayefuata. Nililitafsiri neno lile. Yule mama akanitazama, akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Kijana, kama ni ya kurithi, mbona mutoto alizaliwa muzima?"

Hilo ndilo swali, ndugu zangu, na neno "kurithi" peke yake halilijibu, bali linazidi kulifunga. Kama mtoto alirithi ugonjwa, angezaliwa nao. Kama alizaliwa mzima, akanyonya, akanenepa, akacheka, kisha akiwa na miezi sita au saba akaanza kuvimba vidole na kupungukiwa damu, basi kuna mtu amefanya jambo. Jirani ametupa jicho. Mke mwenza ametembea usiku. Au ukoo wa mama una damu mbaya iliyofichwa siku ya mahari. Wangapi miongoni mwetu hawajasikia maneno haya vijijini kwetu? Ndoa zinavunjika kwa maneno haya. Mtoto anapelekwa kuchanjwa chale wakati homa inapanda. Na mama hakukosa akili alipofikia hitimisho hilo. Alitumia akili yake vizuri kabisa juu ya habari pungufu aliyopewa.

Jibu la swali lake lipo, na lipo tangu zamani. Mwaka 1948 daktari Janet Watson, aliyekuwa akifanya kazi Brooklyn, New York, aliona jambo lile lile ambalo mama zetu wanaliona: watoto wenye selimundu hawaugui mara tu wanapozaliwa. Yeye alipendekeza kwamba kinachowalinda ni himoglobini waliyokuja nayo kutoka tumboni. Alikuwa sahihi. Acha nieleze.

Damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Humo mna seli chache ambazo tunaziita seli shina, kwa sababu kutoka kwao huchipuka matawi yote ya damu: seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na vigandisha damu vinavyoziba jeraha. Kazi hiyo haisimami usiku wala mchana. Mwili wa mtu mzima hutoa seli nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde, kwa kuwa kila moja huishi siku 120 hivi tu, kisha huvunjwa.

Kila seli shina ina jeni zote alizonazo mwenye mwili. Lakini kuwapo kwa jeni si sawa na kufanya kazi kwa jeni, na hapa ndipo pana kiini cha jambo lote. Shuleni walimu wote wamo, lakini katika kipindi kimoja darasani husimama mmoja. Seli shina inapoanza kushuka kwenye tawi la seli nyekundu, baadhi ya jeni huamshwa na nyingine hunyamazishwa. Inaposhuka kwenye tawi la seli nyeupe, mpango unakuwa mwingine. Kinachotofautisha matawi hayo ni jeni zipi zinazungumza na zipi zimenyamaza.

Sasa tuje kwenye himoglobini, ile protini nyekundu ibebayo oksijeni. Mtu hana maelekezo ya aina moja tu ya himoglobini. Kwenye kromosomu ya 11 jeni za himoglobini zimejipanga kwa safu, nazo hupokezana zamu. Mtoto akiwa tumboni, jeni ziitwazo gama ndizo zilizo kazini, zikitengeneza himoglobini ya kijusi. Mtoto akishazaliwa, zamu hubadilika polepole. Jeni za gama hunyamazishwa na jeni ya beta hushika kazi. Baada ya miezi kadhaa himoglobini ya kijusi huwa imepungua sana, na kwa watu wazima walio wengi hubaki kidogo mno.

Kosa la selimundu limo kwenye jeni ya beta peke yake. Herufi moja ya DNA imebadilika, na kwa hiyo tofali moja la protini limebadilika. Vernon Ingram alilionyesha hilo katika miaka ya 1956 na 1957. Himoglobini iliyotengenezwa kwa maelekezo hayo, ikikosa oksijeni, hushikana nyuzi nyuzi, nayo seli nyekundu inapindwa ikawa na umbo la mundu. Seli hizo huziba mishipa midogo, ndipo maumivu. Na hufa upesi kabla ya wakati wake, ndipo upungufu wa damu. Jeni za gama hazina kosa hilo. Basi mtoto anapozaliwa, jeni yenye kosa tayari anayo, ila bado haijashika zamu. Zamu ya gama inapokwisha, ndipo ugonjwa unapojitokeza.

Hilo ndilo jibu la yule mama. Mtoto wake alizaliwa na ugonjwa uliokuwa haujapata nafasi ya kuonekana. Hakuna jicho lililomfikia mwezi wa saba. Na damu haikuharibiwa na upande mmoja: ili mtoto apate selimundu ya aina hii, amepokea jeni ya beta yenye kosa kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, wote wawili wakiwa wazima kwa sababu kila mmoja anayo jeni nyingine isiyo na kosa. Katika kila mimba yao, uwezekano ni mmoja kati ya minne.

Naomba msomaji arudi nyuma ahesabu. Katika aya hizo tano nimetumia maneno gani yasiyo ya kawaida? Jeni, seli, kromosomu, protini, himoglobini, oksijeni, DNA: haya yamo kamusini. TUKI, ambayo leo ni TATAKI, ilitutolea Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia pamoja na Kamusi ya Tiba miaka mingi iliyopita. Uboho ni neno la jikoni na machinjioni. Shina, tawi, zamu, kunyamaza, mundu: haya ni maneno ya bibi yangu. Istilahi tunayoisubiri ni ipi?

Tena tazameni neno "selimundu" lenyewe. Yeyote aliyewahi kuvuna mpunga anaujua mundu. Neno hilo linachora umbo la seli mbele ya macho ya mkulima. Kwa Kiluganda ugonjwa huu unaitwa nalubiri, jina linalojulikana mno, lakini jina hilo halimwonyeshi mama kinachotokea ndani ya damu. Jina la Kiingereza kwa mama asiyejua Kiingereza ni sauti tu. Kiswahili kimeshafanya kazi ya kwanza. Kilichobaki ni kuendelea na sentensi.

Najua wenzangu watanijibu. Wa kwanza atasema: haya ni mambo ya madaktari, sisi kazi yetu ni sarufi na fasihi. Namjibu kwa kumwomba asikilize methali zetu. Tunafundisha "mtoto wa nyoka ni nyoka" na "maji hufuata mkondo", na tunaandika kurasa nyingi kuhusu hekima ya wahenga. Methali hizo ndizo zinazotumika kumhukumu mama kule kliniki. Zinasema kwamba urithi ni hukumu iliyokwisha kusomwa. Lakini wahenga hao hao walituachia "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na biolojia ya seli shina inasimama mahali fulani katikati ya methali hizi mbili: urithi upo kweli, ila kilichorithiwa kinaweza kuamshwa au kulazwa. Ikiwa mwanafunzi wa Kiswahili hana la kusema kuhusu maana ya neno "damu" katika vinywa vya watu, tunaosema damu zetu zimepatana na damu ni nzito kuliko maji, basi sijui tulikuja kusoma nini.

Wa pili atasema: ukirahisisha, utapotosha. Ukimwambia mama kwamba jeni nzuri imelala tu, atadhani ataiamsha kwa dawa ya mitishamba ya sokoni. Hoja hii ina uzito kuliko ya kwanza, na siidharau. Lakini hebu tuulize: leo mama anapewa nini badala yake? Angekuwa anapewa maelezo kamili ya kitaalamu, ningekaa kimya. Anachopewa ni neno moja la kigeni na tarehe ya kurudi. Pengo hilo halibaki tupu. Muuza mitishamba analijaza kwa Kiswahili fasaha, tena kwa kipaza sauti. Sisi tunaogopa kukosea nukta, yeye haogopi chochote. Kimya chetu hakijawahi kumlinda mama dhidi ya upotoshaji hata siku moja.

Na maelezo ya zamu ni mlango wa tiba, hapa hapa kwetu. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo ni vidonge vya kumeza kila siku, hufanya kazi kubwa kwa kuufanya mwili uongeze tena himoglobini ya kijusi. Manufaa yake kwa wagonjwa watu wazima yalithibitishwa Marekani mwaka 1995. Ilibaki hofu kwamba katika Afrika, penye malaria na utapiamlo, huenda ingewadhuru watoto. Ndipo ukafanyika utafiti ulioitwa REACH, katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Watoto 606 walianzishiwa dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, maambukizi yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Mbale ni Uganda. Kilifi ni Pwani ya Kenya, nyumbani kwa Kiswahili chenyewe.

Sasa fikirini kama mzazi. Mtoto wako amepewa kidonge cha kila siku, mwezi baada ya mwezi, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Kidonge hiki hakiondoi maumivu leo. Hakiponyi. Hakifanani na panadoli wala sindano. Ukiwa umeambiwa tu kwamba ugonjwa ni wa kurithi, utakitumia hadi lini? Mtoto akichangamka wiki tatu utaacha, kwa sababu amepona. Akiumwa wiki ya nne utaacha, kwa sababu dawa haifai. Lakini ukiwa umeelezwa kwamba kidonge hiki kinafanya kazi taratibu kwenye uboho, kwamba seli nyekundu za leo zitakufa na nyingine zitazaliwa, na kwamba zile zitakazozaliwa tunataka ziwe na himoglobini nyingi zaidi ya ile aliyozaliwa nayo, basi unaelewa kwa nini ni kila siku, kwa nini daktari anahesabu damu, na kwa nini huwezi kukiongeza wala kukikatiza kwa uamuzi wako mwenyewe. Maelezo hayo yanamfanya mzazi awe mshiriki wa tiba.

Wa tatu atasema, na huyu humsikia mara nyingi mtu anayesoma magazeti: sayansi hii ya jeni ni ya matajiri. Ni kweli kwamba tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa bei hiyo, kwetu ni hadithi. Lakini mtu anayesema tusiieleze kwa kuwa hatuwezi kuinunua hajaifikiri vizuri, na nataka kuieleza hapa makusudi.

Ni nani huzinyamazisha jeni za gama? Kwa miaka mingi haikujulikana. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walionyesha kwamba jeni nyingine kabisa, iliyo kwenye kromosomu ya 2 na kuitwa BCL11A, ndiyo inayofanya kazi ya mnyapara: inakuja zamu inapokwisha na kuwaambia gama watoke. Swali likawa, je, tumwondoe mnyapara? Haiwezekani kumwondoa hivi hivi, kwa sababu ana kazi muhimu pia katika tawi la seli nyeupe na hata kwenye ubongo. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba ana swichi ya pekee, kipande cha DNA kinachomwamsha katika tawi la seli nyekundu tu. Ukiikata swichi hiyo, mnyapara hulegea katika tawi la seli nyekundu, jeni za gama hurudi kazini, na kwenye matawi mengine kazi yake inaendelea kama kawaida.

Hivyo ndivyo Casgevy inavyofanya. Seli shina za mgonjwa hutolewa, swichi hukatwa maabara, kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kufuta uboho wa zamani, na seli zilizohaririwa hurudishwa mwilini. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walikaa miezi 12 mfululizo bila hata shambulio moja kali la maumivu. Kosa la beta halikuguswa. Liko pale pale. Kilichobadilishwa ni nani yuko kazini.

Kwa nini mama wa mpakani ayajue haya? Kwanza, kwa sababu bei ya leo si bei ya milele, na wasiojua kitu hawawezi kukidai. Wabunge wetu hawataulizwa chochote kuhusu tiba ambayo wapiga kura hawajawahi kuisikia kwa lugha wanayoielewa. Pili, kwa sababu majaribio ya tiba za jeni yatakuja kwetu, kama REACH ilivyokuja, maana wagonjwa wako kwetu. Ile dawa ya kufuta uboho inaweza kumfanya mtu asizae. Nani atamweleza hilo msichana wa miaka 16 na wazazi wake kabla hawajatia sahihi? Mtu akitia sahihi kwenye karatasi asiyoielewa, hiyo si ridhaa. Mfasiri atakayeitwa siku hiyo ni mmoja wetu. Afadhali ajifunze sasa.

Na hapa nina neno zito kidogo. Maarifa haya hayakuanzia ughaibuni yote. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walipima damu za watu wa makabila mengi ya Uganda, wakakuta kwamba kule Bwamba, mpakani na Kongo, takriban watu 4 katika kila 10 walikuwa wabebaji wa jeni hii. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha uhusiano wa jeni hii na kinga dhidi ya malaria, na miongoni mwa aliowachunguza ni watoto wa Kiganda. Mwaka 1958 Jacob na Raper waliandika kuhusu watu wa Uganda ambao himoglobini yao ya kijusi haikuzimwa hata ukubwani. Gama zao hazikutoka kazini. Yaani dalili kwamba zamu inaweza kuendelea bila madhara makubwa ilionekana katika damu ya watu wetu zaidi ya miaka 60 kabla ya Casgevy kuidhinishwa. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya kupima sampuli zaidi ya 97,000 za damu ya watoto wachanga wa Uganda: asilimia 13.3 walikuwa wabebaji, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Damu ilitoka hapa. Ilitolewa vidoleni na visiginoni mwa watoto wetu, ikaandikwa kwa Kiingereza, ikawapatia watu shahada na vyeo. Siwalaumu waliofanya kazi hiyo. Bila wao tusingejua lolote. Ninalouliza ni kwa nini maarifa yaliyotoka Bwamba hayajarudi Bwamba. Yaliporudi, yalirudi kwa neno moja la Kiingereza, kupitia kwa muuguzi aliyechoka. Kazi ya kuyarudisha ilikuwa ya watu wa lugha. Sisi tulikuwa tunasubiri istilahi.

Atabaki wa nne, na huyu ni Mganda mwenzangu. Atasema: mama wa Bwamba anazungumza Kwamba au Lubwisi, Kiswahili ni cha nini? Na ataongeza, kwa haki, kwamba kwetu Kiswahili kina historia mbaya: wengi waliwahi kukisikia kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Nakubali yote mawili. Lakini benchi la kliniki ya mpakani halina lugha moja. Hapo wanakaa mama wa Beni, wa Bundibugyo na wa Kasese, na kinachowaunganisha ni Kiswahili cha soko. Maelezo mazuri ya Kiswahili yanaweza kusomwa Kilifi, Mwanza, Bunia na Bujumbura, na yeyote kati ya hao anaweza kuyapeleka nyumbani kwa lugha yake, kwa sababu zamu, shina na mnyapara havina ugumu kuhamishwa kutoka lugha moja ya Kibantu hadi nyingine. Na kuhusu historia mbaya, sijui njia bora ya kuisafisha lugha iliyotumika kuamuru zaidi ya kuitumia kueleza. Mama ambaye amejibiwa swali lake kwa Kiswahili hatakikumbuka tena kwa buti peke yake.

Basi nadai nini? Nadai mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa idara zetu bila kuomba fedha kwa mtu. La kwanza, tasnifu ya shahada ya kwanza ikubaliwe kuwa maelezo ya jambo moja la sayansi kwa Kiswahili, yaliyosomwa mbele ya watu wasio wasomi na kurekebishwa kwa maswali yao. Orodha za istilahi tunazo za kutosha; sehemu kubwa yake haijawahi kutamkwa na mtu yeyote nje ya ukumbi wa utetezi. La pili, kila maelezo ya namna hiyo yapitiwe na mtu wa tiba kabla ya kutoka, ili yule ndugu yangu anayehofia upotoshaji apate kazi ya kufanya badala ya sababu ya kukataa. La tatu, somo la tafsiri na ukalimani lihesabu saa za kliniki kama linavyohesabu saa za darasani.

Istilahi huzaliwa katika matumizi. Neno "kuhariri" lilikuwa letu, la watu wa vitabu, na sasa linatumika kwa jeni bila tatizo. Halikusubiri kikao. Mtu alilihitaji, akalitumia, akaeleweka.

Inakadiriwa kwamba kila mwaka duniani huzaliwa watoto zaidi ya 300,000 wenye selimundu, wengi wao katika Afrika kusini mwa Sahara. Kila mmoja anazaliwa na miezi michache ya ulinzi, wakati jeni za gama ziko bado kazini. Miezi hiyo ndiyo nafasi ya kumpima, kumwanzishia kinga, na kukaa na wazazi wake kuwaeleza kitakachokuja kabla hakijaja. Zamu ikishabadilika, unaeleza huku mtoto analia. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tunaifundisha methali hiyo kila mwaka katika fasihi simulizi. Ni wakati idara zetu ziisikie.